Dhahabu ya Italia ilikuwepo kweli. Fedha za wanahisa ziliishia wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwenyeji wa Geita, sasa nafanya kazi Brescia. Kwenye mnada wa vitu vya zamani hapa nimenunua kwa euro 40 karatasi ya hisa ya kampuni ya dhahabu ya milima ya Alps, ya miaka ya 1890. Imechapwa kwa madaha, na chini ina vipande vidogo vidogo kama stempu. Je, ina thamani yoyote? Tena kuna jamaa ananishawishi ninunue hisa za kampuni ndogo iliyosajiliwa nje, inayodai itafufua mgodi wa zamani wa Italia. Italia ina dhahabu kweli? Na wale waliotia fedha zao zamani walipata nini?

JIBU: Marahaba. Tuanze na karatasi yako, maana nusu ya jibu unayo mkononi. Vile vipande vya chini ni kuponi. Wakati ule hisa nyingi za makampuni ya Ufaransa, Uswisi na Italia zilikuwa za mshikaji. Tazama kama imeandikwa al portatore au au porteur. Aliyeishika karatasi ndiye mwenye hisa, hakukuwa na daftari la majina. Kampuni ikitangaza gawio, mtu anakata kuponi ya namba iliyotajwa, anaipeleka benki, analipwa. Kwa hiyo zihesabu. Zikiwa zipo zote kuanzia namba 1, karatasi hiyo haijawahi kumlipa mtu hata senti. Zikikosekana mbili tatu za mwanzo, usiwaonee wivu haraka waliozikata. Katiba za makampuni mengi ya huko ziliruhusu kuwalipa wanahisa riba wakati mgodi bado unaandaliwa, na riba hiyo ilichotwa kwenye mtaji wao wenyewe. Mtu alirudishiwa vijisenti vyake akadhani mwamba umeanza kutema.

Hisa za Kiingereza zilikuwa na utaratibu mwingine: jina la mwenye hisa limeandikwa kwa mkono, kuna muhuri wa kampuni, na kuponi hakuna. Ukikuta moja ya namna hiyo mnadani, jina la kampuni litakufikisha Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa, rafu za BT 31. Huko yamewekwa mafaili ya makampuni yaliyovunjwa, na ndani yake mara nyingi utakuta orodha ya wanahisa, kazi zao na anwani zao: mchungaji, mjane, daktari wa kijijini, karani.

Kuhusu dai la kisheria, hakuna. Kampuni ikishavunjwa, hisa yake ni karatasi tu. Kinacholipiwa na wakusanyaji ni uzuri wa mchoro, saini na uadimu. Itundike ukutani.

Sasa dhahabu yenyewe. Ipo, na ya Italia imejikusanya zaidi kaskazini magharibi, kwenye mabonde yanayouzunguka mlima Monte Rosa wenye mita 4,634: bonde la Anzasca pale Pestarena na Macugnaga, machimbo ya Val Toppa upande wa Ossola, na Brusson huko Valle d'Aosta. Warumi waliijua. Pale Bessa, karibu na Biella, malundo ya mawe waliyoyaosha bado yametapakaa porini, na Plinius, mwandishi wa Kirumi, ameandika kwamba sheria iliwakataza wakandarasi wa eneo hilo kuweka zaidi ya watu 5,000 kazini.

Hata ulanguzi una mizizi huko. Strabo, mwanajiografia wa kale, akimnukuu mwanahistoria Polybius, anasimulia kuhusu machimbo ya watu wa Taurisci, nyuma ya mji wa Aquileia. Watu wa Italia walipojiunga nao kuchimba, katika miezi miwili bei ya dhahabu ikashuka kwa theluthi moja Italia nzima. Wenyeji waliposikia, wakawafukuza wageni ili wabaki kuuza peke yao. Na Cicero, msemaji maarufu wa Roma, alipomshambulia mwanasiasa Vatinius mbele ya watu, moja ya tuhuma zake ilikuwa kwamba alinyakua hisa za makampuni ya wakandarasi wa serikali wakati ambapo bei yake ilikuwa juu kuliko wakati wowote. Kumbe karne ya kwanza kabla ya Kristo tayari kulikuwa na hisa zenye kupanda na kushuka bei.

Lakini karatasi yako ni ya karne ya 19, na ili uelewe wakati ule lazima kwanza uyajue mawe, kwa sababu kila aina ya jiwe ilizaa aina yake ya udanganyifu.

Pestarena ni mishipa ya kwazi (jiwe gumu la fuwele) ndani ya mwamba mgumu, na dhahabu yake kwa sehemu kubwa imejificha ndani ya pairiti na asenopairiti, madini ya chuma na salfa, la pili likiwa na arseniki pia. Huioni kwa macho. Brusson ni kinyume chake: kwazi jeupe pe, na hapa na pale kijishimo chenye dhahabu ya kuonekana, ya kung'aa, ya kuwekwa makumbusho. Mtangazaji wa hisa ataikimbilia Brusson. Mhandisi atakwambia ndiyo inayotisha zaidi.

Sababu ni hii. Chukua sampuli ya kilo 5. Ikiwa imebahatika kubeba punje moja ya gramu 1, maabara itaandika gramu 200 kwa tani, na haitakuwa imedanganya. Sampuli tisa za jirani zisipokuwa na kitu, wastani wa kumi zote ni gramu 20 kwa tani. Sasa, nani alichagua zile kumi? Na akiondoa ile moja, mgodi unabaki na nini? Mkataba wa mamilioni unaweza kusimama juu ya punje moja ya mchele. Ripoti za wahandisi wa zamani zilijaa maneno ya aina ya "sampuli kutoka sehemu tajiri ya mshipa ilitoa kadhaa", na msomaji wa London au Geneva akawa anazidisha kadhaa hiyo kwa urefu wa mlima mzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Evançon ilichimba huko Brusson, ikakuta vishimo vitamu kweli, halafu ikakutana na kwazi tupu kati ya kishimo na kishimo. Ndani ya miaka michache ikafunga virago. Leo mgodi wa Chamousira ni mahali pa kutembeza watalii.

Pestarena taabu yake ilikuwa kuipata dhahabu iliyokwisha kuchimbwa. Wenyeji wa Anzasca walitumia vinu vidogo vya mawe wakiviita molinelli. Wewe wa Geita utaviona mara moja akilini: karasha (kinu cha kusaga mawe) na mwalo (mteremko wa kuoshea) vikiwa chombo kimoja, vikizungushwa na maji ya mto. Jiwe la chini limekaa, la juu linazunguka ndani ya pipa. Humo unatia mawe yaliyopondwa, maji na zebaki. Zebaki inanasa dhahabu, unaikamua kwenye ngozi laini, kinachobaki unakichoma. Kwa dhahabu huru kinu hicho kilitosha. Kwa mawe ya Pestarena kasoro zilikuwa mbili. Punje iliyofunikwa na pairiti haigusani na zebaki kabisa, inapita na kwenda zake. Halafu arseniki inaichafua zebaki, inakatikakatika kuwa vipovu vidogo visivyoungana tena, na vipovu hivyo vinaondoka na maji vikiwa vimebeba dhahabu iliyokwisha kunaswa. Unapoteza dhahabu na zebaki pamoja, vyote kwenye marudio, yaani mabaki yanayotoka kinuni. Ungeweza kuyachoma mawe kwanza ili salfa na arseniki zitoke, lakini hapo unahitaji kuni nyingi kwenye bonde jembamba, na moshi wake ni sumu. Njia ya sianidi ilipata hataza Uingereza mwaka 1887 na ikaanza kutumika kwa ukubwa Afrika Kusini kuanzia 1890. Kabla ya hapo, kila tani ya Anzasca ilimwaga mtoni sehemu ya gawio la mtu fulani.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na naomba uifuate polepole kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kilichotokea. Leo tukisikia hisa za dhahabu tunafikiria bei ya dhahabu. Mlanguzi wa mwaka 1865 au 1895 hakuwa na hilo la kuwazia. Bei ilikuwa imefungwa na sheria ya sarafu: wakia moja ya kiwango cha karati 22 ni paundi 3, shilingi 17 na peni 10 na nusu, mwaka hadi mwaka (paundi ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12). Kwa dhahabu safi ni paundi 4, shilingi 4 na peni 11 na nusu. Wakia ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ilikuwa karibu peni 33, yaani shilingi 2 na peni 9 hivi.

Tuchukue mfano wa kujitungia. Waraka wa matarajio, yaani tangazo la kuuza hisa mpya, unasema mawe yana gramu 20 kwa tani. Kinu kinakamata asilimia 60, unabaki na gramu 12, sawa na karibu shilingi 33. Gharama za kuchimba, kusukuma maji nje, kupandisha mbao na kulipa watu tuseme ni shilingi 18 kwa tani. Faida ni shilingi 15, safi sana. Sasa kumbe mawe yana gramu 10, siyo 20. Unakamata 6, sawa na shilingi 16 na peni kidogo, na gharama haijabadilika. Kila tani unayochimba inakutia hasara ya karibu shilingi 2, na ukiongeza bidii unaongeza hasara. Bei haitapanda kuja kukuokoa. Kilichobaki cha kupanda ni hisa peke yake, na hisa hupanda kwa habari.

Hebu tuendelee hata na ule mgodi mzuri. Tani 10,000 kwa mwaka kwa faida ya shilingi 15 ni shilingi 150,000, yaani paundi 7,500. Ikiwa kampuni imeundwa kwa mtaji wa paundi 200,000, mwanahisa anapata chini ya asilimia 4, karibu sawa na hati za deni la serikali ya Uingereza, ambazo hazijai maji wala hazibomoki. Aliyenunua hisa hiyo sokoni kwa bei mara mbili anapata chini ya 2. Kwa nini mtaji uwe mkubwa namna hiyo wakati kinu na mashimo vinagharimu sehemu ndogo tu? Kwa sababu sehemu kubwa ya fedha haikwenda mgodini.

Mwendo wake ulikuwa hivi. Anatokea mtu mwenye haki ya kuchimba bondeni, iliyotolewa chini ya sheria ya madini ya Piemonte ya mwaka 1859. Mwanzilishi wa kampuni, mara nyingi mtu wa London au Paris, anafunga naye makubaliano ya kuununua mgodi kwa fedha ndogo ikiwa kampuni itafaulu kuundwa. Analeta mhandisi kwa wiki mbili za kiangazi, theluji ikiwa imeyeyuka. Kisha anaunda kampuni na kuiuzia mgodi huo huo kwa bei mara nyingi ya ile aliyokubaliana nayo, sehemu taslimu na sehemu hisa. Anatafuta majina mawili matatu yenye vyeo vya kuwekwa juu ya waraka, watu ambao posho ya kikao inawatosha na hawataulizia pampu. Kabla hisa hazijagawiwa, madalali wake wanaanza kununuliana wenyewe kwa wenyewe kwa bei ya juu kidogo, na magazeti yanaripoti kwamba hisa "zinatafutwa". Mjane wa mkoani anasoma hilo siku ileile anaposoma waraka.

Sheria za Uingereza za 1855, 1856 na 1862 zilikuwa zimefungua mlango: mwanahisa hadaiwi zaidi ya thamani ya hisa zake. Hilo liliwapa watu ujasiri, lakini kulikuwa na mwiba ndani yake. Hisa ya paundi 1 ingeweza kuuzwa ikiwa imelipiwa shilingi 10 tu, na kampuni ikabaki na haki ya kudai zilizosalia wakati wowote. Mnunuzi alijiona amepata hisa kwa nusu bei. Mei 1866 benki ya Overend, Gurney ilipoanguka na riba ya Benki Kuu ya Uingereza ikakaa kwenye asilimia 10 kwa miezi mitatu, wadai wa makampuni walitaka chao, na madai ya zile shilingi zilizosalia yakawafuata watu nyumbani. Hisa ambayo haijalipiwa yote ni deni lenye picha nzuri.

Mwiba wa pili uliitwa kuunda upya. Kampuni ikiishiwa inavunjwa kwa hiari, na siku hiyohiyo inazaliwa nyingine yenye jina karibu lilelile, ikimiliki mgodi uleule. Mwanahisa wa zamani anaambiwa: utapata hisa mpya moja kwa kila moja uliyokuwa nayo, zihesabiwe zimelipiwa shilingi 17, wewe ongeza 3. Akikataa anapoteza vyote. Wengi waliongeza, kwa sababu ileile inayomfanya mtu wa machimboni aongeze wiki moja kwenye duara (shimo la mchimbaji mdogo) lisilotoa kitu. Ukiona mgodi mmoja wa Alps una makampuni matatu manne yaliyofuatana kwa majina ya kufanana, usidhani ni historia ndefu ya mafanikio. Kila jina jipya ni mchango mwingine.

Miaka ya 1890, wakati wa karatasi yako, moto ulitoka Afrika Kusini. Hisa za Witwatersrand zilipanda London na Paris hadi vuli ya 1895, kisha zikaporomoka. Katika joto hilo chochote chenye neno dhahabu kiliuzika. Mfano ninaoupenda uko hatua chache nje ya mpaka wa Italia, pale Gondo, upande wa Uswisi wa njia ya Simplon, kwenye miamba ya ukoo uleule na ya Ossola. Kampuni ya mtaji wa Paris, Société des Mines d'Or d'Helvétie, iliingia na mitambo, majengo na mamia ya wafanyakazi kwenye bonde lililokuwa na wachimbaji wachache. Mwaka 1897 ilifilisika. Walijenga kiwanda kikubwa kabla ya kujua kama mawe ya kukilisha yapo. Bado naliona kosa hilo kila muongo, na kila mara linaelezwa kama bahati mbaya.

Wabunge hawakulala kabisa. Sheria ya Uingereza ya 1890 iliwafanya wakurugenzi wawajibike kwa uongo ulioandikwa kwenye waraka wa matarajio, na ya 1900 ikadai mikataba ya waanzilishi iwekwe wazi, pamoja na kiwango cha chini cha fedha kabla hisa hazijagawiwa. Lakini mwaka 1889 mahakama ya rufaa ya London ilikuwa imekata shauri lililoacha mlango mwingine wazi. Ilihusu kampuni ya Neuchatel iliyochimba lami Uswisi. Majaji walisema kampuni yenye mali inayoisha haikatazwi kugawa faida ya mwaka bila kutenga fedha za kufidia mali hiyo inavyopungua. Piga hesabu maana yake: unanunua hisa ya paundi 1, inakupa gawio la asilimia 10 kwa mwaka, unafurahi. Mawe yanaisha baada ya miaka 8. Umepokea shilingi 16 na hisa yako ni sifuri. Ulichokiita faida kilikuwa mtaji wako ukirudi kwa mafungu, na haukurudi wote. Hakuna aliyekuibia, hukuuliza tu mgodi utaishi miaka mingapi.

Kipindi kilichofuata nitakipita haraka kwa sababu soko la hisa halikuwa na nafasi kubwa. Amri ya kifalme namba 1443 ya mwaka 1927 ilithibitisha kwamba madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya dola. Desemba 1935 serikali ya Mussolini iliwafanya wananchi watoe pete zao za ndoa kwa ajili ya taifa, na shirika la serikali la AMMI, lililoundwa mwaka 1936, likaja kuichimba Pestarena kwa hoja ya kujitegemea. Baada ya vita bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa tena, dola 35 kwa wakia, huku mishahara ikipanda. Ni hesabu ileile ya shilingi 18. Pestarena ilifungwa mwaka 1961, ikiwaachia wachimbaji wengi ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe.

Lililo muhimu zaidi kwako wewe unayeshawishiwa leo ni Furtei, kusini mwa Sardinia, karibu kilomita 40 kutoka Cagliari. Huko mwamba ni wa volkano, hauna undugu na Alps. Mgodi wa wazi ulianza kutoa dhahabu mwaka 1997 kwa sianidi, ukiendeshwa na Sardinia Gold Mining. Nyuma yake alikuwepo mwekezaji wa Australia aliyejulikana kama Gold Mines of Sardinia, na baadaye Sargold ya Kanada, iliyouza hisa kwenye soko dogo la TSX Venture na kuungana na Buffalo Gold mwaka 2007.

Ulifunguliwa mwaka mbaya. Mwanzoni mwa 1997 ndipo ilipogundulika kwamba sampuli za Bre-X, kampuni ya Kanada iliyotafuta dhahabu huko Busang, Indonesia, zilichanganywa dhahabu ya mtoni. Kampuni iliyowahi kuthaminiwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada ikawa haina kitu, na watu wakaikimbia kila kampuni ndogo ya utafutaji. Bei ya dhahabu nayo iliteremka hadi chini ya dola 260 katikati ya 1999, Uingereza ilipotangaza kuuza akiba yake. Hata hivyo, bei sicho kilichoiua Furtei. Iliposimama mwaka 2008, dhahabu ilikuwa imekwisha kuvuka dola 1,000 mwezi Machi mwaka uleule.

Juu ya ardhi kulikuwa na mwamba uliooza, wenye kutu, ambao dhahabu yake inayeyuka kwenye sianidi bila shida. Chini yake kulikuwa na mawe ya salfaidi, yaani madini ya salfa, yenye shaba na arseniki. Shaba hula sianidi kabla dhahabu haijaguswa, kwa hiyo unamwaga sumu ya gharama kubwa upate kidogo. Kwa mawe ya namna hiyo mara nyingi unalazimika kutengeneza makinikia (mchanga wa madini uliochujwa) na kuyauza kwa mwenye tanuru. Neno hilo kwenu halihitaji maelezo tangu 2017, zuio la kusafirisha makinikia lilipoziangusha huko London hisa za Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu Tanzania. Tabaka rahisi la Furtei likaisha, mikopo ya dunia ikakauka mwaka uleule, na mwaka 2009 kampuni ikafilisika. Ikaacha bwawa la marudio yenye sianidi na metali nzito, pamoja na mashimo yenye maji ya asidi. Kusafisha kukawa mzigo wa umma, kupitia Igea, kampuni ya serikali ya mkoa wa Sardinia. Mwanahisa wa Kanada alipoteza alichoweka, basi. Mkazi wa Furtei hakuwahi kununua hisa, lakini bwawa ni lake.

Nirudi kwa jamaa yako. Kwanza mwulize kampuni ina permesso di ricerca au concessione (haki ya kuchimba). La kwanza ni ruhusa ya kutafuta tu. Hairuhusu kuchimba na kuuza. Vyote viwili siku hizi vinapitia mkoa, na maamuzi yake huchapishwa kwenye gazeti rasmi la mkoa. Watangazaji hupenda kuandika "tunamiliki mgodi" wakimaanisha ile ya kwanza. Kumiliki mdomo wa handaki la zamani, hata kwa hati ya shamba, hakukupi mawe yaliyomo.

Pili, tazama namba zao zimeandikwaje. Kuna kanuni za namna ya kutangaza kiasi cha madini: Australia ina JORC tangu 1989, Kanada ina NI 43-101 tangu 2001, zao la aibu ya Bre-X. Kanuni hizo zinatenganisha mashapo yanayokisiwa tu, yaliyobainishwa na yaliyopimwa, na juu yake akiba ambayo imethibitishwa kwamba kuichimba kunalipa. Kampuni inayofufua mgodi wa zamani mara nyingi itakuonyesha "makadirio ya kihistoria", yaani namba ya mhandisi wa mwaka 1938 au 1960. Hiyo haiingii daraja lolote kati ya hayo. Wakikuambia uchorongaji umekuta gramu 8 kwenye mita 3, uliza kama mita 3 hizo ni unene halisi wa mshipa au ni urefu wa tundu lililoukata kwa mshazari. Mshipa wa sentimita 60 unaweza kuonekana wa mita 3 ukiukata kwa pembe mbaya. Uliza pia kama nusu ya kila kiini cha mwamba imehifadhiwa kwenye sanduku. Bre-X walikuwa wakiponda viini vyao vizima, na hakikubaki cha kupima upya hadi wakaguzi huru walipochoronga mashimo mapya pembeni ya yale ya zamani.

Tatu, hesabu hisa zenyewe. Kampuni isiyouza dhahabu huishi kwa kuchapa hisa. Ukiwa na hisa 500,000 kati ya milioni 50 una asilimia 1. Wakifika milioni 200 una robo ya asilimia, hata kama mgodi umebaki uleule. Na usisahau pengo la bei sokoni: ikiwa mnunuzi anatoa senti 4 na muuzaji anataka 5, umepoteza asilimia 20 dakika uliyonunua.

Hayo ya kuuliza watayajibu kwa ufasaha, wamezoea. Kwa hiyo fanya moja ambalo halihitaji jibu lao. Kampuni ya nje inayofanya kazi Italia kwa kawaida inakuwa na tawi au kampuni tanzu hapo. Wewe uko Brescia. Kwa euro chache Camera di Commercio, yaani chama cha biashara chenye daftari la makampuni, itakupa visura camerale (dondoo la daftari hilo) ya kampuni hiyo tanzu: wakurugenzi, mtaji uliolipwa, idadi ya wafanyakazi, na kama hesabu za mwaka zimewasilishwa. Pitia pia maonyo ya Consob, msimamizi wa soko la hisa la Italia, kuhusu wanaouza hisa bila idhini. Visura ikionyesha mtaji wa euro 10,000, mfanyakazi hakuna, na anwani ni ya ofisi ya mhasibu, huko mlimani hakuna mtu anayechoronga chochote. Hiyo fedha ya hisa iweke, na kama bado unaitamani dhahabu ya Italia, panda Macugnaga wakati wa kiangazi. Mgodi wa Guia unaingiwa kwa tiketi.